Namba ya Kuchana

Jumatatu ile kinyozi alimwacha mteja wake na kichwa nusu. Upande wa kushoto umenyolewa unang'aa, upande wa kulia bado kichaka, na kinyozi mwenyewe ameshatoka mbio na mashine mkononi, waya unamfuata nyuma kama mkia, hadi karakana ya mafundi cherehani, jirani yake. Alipofika mlangoni hakuna aliyemgeukia. Wote walikuwa wameikodolea macho redio.

"Rudia," mama mmoja muuza mikate alikuwa akiiambia redio. Kwa jinsi alivyopenda kupanga kikosi cha timu kuliko kupanga mikate yake, mtaa mzima ulimwita Kocha. "Rudia mwanangu, masikio yangu leo hayana adabu."

Redio ikarudia, si kwa ajili ya Kocha, ila ndivyo mtangazaji yule alivyozoea, kusema jambo mara mbili ili aisikie sauti yake. "Naam, wiki hii katika Nani Juu Nani Chini, nafasi ya kwanza kabisa, namba moja, ni Zambarau."

Hakuna aliyeshangilia. Kinyozi alitazama juu ya paa, kama vile jibu lingedondoka huko. Kocha alikaa juu ya jora la kitambaa bila kuomba ruhusa. Kwenye meza ya kukatia, binti wa mwenye karakana alisimama na mkasi wazi, nusu ya pazia imekatwa na nusu bado. Msichana huyo alikuwa mpole wa kupitiliza. Alikuwa akisema kidogo sana, na kwa sauti ya chini, hata jina lake likasahaulika wakamwita Kimya, naye akaitika.

"Wamekosea," kinyozi akasema mwishowe. "Kesho watatuomba radhi."

"Au wanatutega," Kocha akasema. "Wanatupaka mafuta ili tuteleze."

Ilikuwa na sababu yake, hofu hiyo. Kipindi kile cha Jumatatu kilizipanga timu zote za ligi, si kwa pointi bali kwa namna wenyewe walivyoziona, na kwa miaka hawakuwahi kuiona Zambarau. Ikishinda, walisema ilibahatika. Ikishindwa, walisema, si mnaona. Siku moja, misimu kadhaa nyuma, timu ilishinda ugenini kwa mabao mazuri, na bado redio ikaipandisha kwa nafasi moja tu, kutoka mkiani hadi jirani na mkia. Ndipo mwenye karakana, baba yake Kimya, alipochoka nao. Alichukua kitambaa, akaandika ile namba kubwa kama mlango, akaenda nayo uwanjani. Filimbi ya mwisho ilipolia na Zambarau imeshinda tena, alisimama jukwaani akakielekeza kitambaa kwenye kibanda cha watangazaji, akakichana katikati kuanzia juu hadi chini. *Krrraaa!* Jukwaa zima likaruka.

Tangu hapo ikawa ndiyo desturi yao. Namba yoyote iliyotoka redioni Jumatatu iliandikwa karakanani, ikapelekwa uwanjani Jumamosi. Timu ikishinda, Baba anashika upande wa kulia, mdogo wake anashika wa kushoto, namba inachanwa. Timu ikishindwa, namba inakunjwa na kurudishwa nyumbani bila maneno, na wiki hiyo inatumika kufutia brashi. Walikuwa wamechana tisa, wakachana sita, wakachana saba kwa hasira za pekee. Moja hawakuwahi kuifikiria.

"Basi Kimya, andaa kitambaa," Baba alisema. Alikuwa ameketi penye mwanga, miwani puani, akipima ukosi wa koti la mtu. "Moja ni rahisi kuandika. Jumamosi tunaichana."

"Tunaichana?" Mdogo wake aliinua kichwa kutoka kwenye cherehani. Kimya alimwita huyu Baba mdogo, ingawa kwa umbo alikuwa mkubwa kuliko Baba, mabega mapana na shingo ya kubebea mizigo. "Kaka, umesikia walichosema? Wamesema *moja*."

"Nimesikia."

"Sasa unachanaje moja? Tumetukanwa tukachana, sawa. Leo tumesifiwa, tuchane pia? Mtu akikuletea zawadi unaipiga teke?"

"Mimi sikuwahi kuchana matusi, mdogo wangu. Nilikuwa nachana namba. Hawa hawana ruhusa ya kutupa namba, iwe kubwa iwe ndogo. Ukichana mbaya ukaitunza nzuri, basi miaka yote ulikuwa unalia tu, unataka ubembelezwe."

"Naam, nilitaka nibembelezwe!" Baba mdogo alisimama, kiti kikaanguka. "Kuna ubaya? Nimeishangilia timu hii tangu sina ndevu. Nibembelezwe hata wiki moja! Namba hiyo naitaka nzima, niitundike hapo ukutani, niwe naiangalia nikinywa chai."

"Utaitundika vipande viwili."

"Tutaona."

Kinyozi alikumbuka mteja wake kwa wakati huo, kwa sababu mteja mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni, shuka la kunyolea shingoni, anauliza kama na yeye anaruhusiwa kutoa maoni.

Kufikia Jumanne mtaa ulikuwa umegawanyika. Kinyozi alikuwa wa Kuchana. Kocha alikuwa wa Kutunza, na aliwauzia mikate watu wa Kuchana kwa kuwarushia. Watu waliingia karakanani bila nguo ya kushonesha, wakisingizia kuuliza bei ya mapazia, kumbe wanataka kusikia ndugu wawili wamefikia wapi. Walikuwa wamefika mbali. Walikuwa hawapeani hata mkasi. Baba alikuwa akisema, "Kimya, mwambie mwenzako anipitishie chaki," na Baba mdogo, aliyekaa hatua mbili kutoka kwake, alikuwa akimjibu dari.

Jumatano Baba mdogo akaja na turubai. Si kitambaa chepesi cha siku zote, bali turubai lile zito la kufunikia malori, limepigwa pindo juu na chini. Akalibwaga mezani, vumbi la chaki likapaa.

"Andika hapa," akamwambia Kimya. "Sasa hivi, nikiona. Hili halichaniki hata ulifunge kwa ng'ombe wawili."

Baba alivua miwani. Alilipapasa turubai kwa mkono wa kushoto, taratibu, kama anayempima mteja mnene, kisha akacheka.

"Andika, mwanangu. Jumamosi nitalichana hilo hilo, mbele ya watu wote."

"Umemsikia!" kinyozi akapiga makofi. "Fundi analichana turubai! Ngoja nikawaambie wenzangu."

Na habari ikatoka na kinyozi, ikawa haina tena njia ya kurudi.

Kimya aliandika. Rangi ya zambarau, brashi pana, mstari mmoja mnene katikati na kichwa kidogo juu. Mkono wake ulitetemeka mpaka Kocha akamuuliza kama amekula. Alikuwa amekula. Kilichomtetemesha kilikuwa kwenye mkono wa mtu mwingine, na hakuna aliyekijua isipokuwa yeye.

Mwaka uliopita Baba alipigwa na kiharusi. Upande wa kulia ulilala. Alikaa kitandani akitazama ukuta, na watu waliokuja kumwona walizungumza kwa sauti za chini, wakimwita "mzee wetu" kana kwamba ameshazikwa. Miguu ilirudi, ulimi ukarudi, mkono nao ukarudi kwa kiasi. Siku ya kwanza alipoweza kukaa, hakuomba chai wala dawa. Aliuliza timu imepewa namba gani. Ilikuwa nane. "Niandikie," alimwambia Kimya. "Jumamosi nakwenda."

Mama alisema haendi popote. Baba alisema anakwenda hata kwa kubebwa. Na Kimya, ambaye alikuwa amemwona akishindwa kufungua kizibo cha chupa, akachukua mkasi. Alikikata kitambaa katikati, kuanzia juu hadi chini, kisha akakiunganisha tena kwa bandi, ile mishono mirefu mirefu ambayo fundi huishikizia nguo kabla ya kuishona kweli, ukivuta kidogo tu inaachia. Juu yake akaandika nane, akaipindisha kidogo ili tumbo la namba lifunike mshono. Haikuwa nane nzuri. Lakini Jumamosi Baba aliposhika na kuvuta, kitambaa kilipasuka, jukwaa likaunguruma, na jioni alimaliza sahani yote akaomba nyingine. Tangu siku hiyo hakuna namba iliyokwenda uwanjani bila bandi. Mkono haukupata nguvu zaidi. Kikombe bado alikishika kwa mikono miwili, na mkasi mkubwa alikuwa akiuacha mezani akisema eti umepoteza makali.

Sasa kulikuwa na turubai. Lilipokauka, Baba mdogo alilikunja akalifungia ndani ya kabati la vifaa, akatia ufunguo mfukoni.

Kimya hakutulia tena. Alhamisi alishona suruali akaunganisha mguu na mguu, ikawa gunia. Alifumua, akashona tena, akaunganisha tena. Alijaribu kumsogelea Baba amwambie maneno yoyote yatakayomzuia, lakini Baba alikuwa na furaha ya ajabu wiki ile, alikuwa akiimba, akimchokoza mdogo wake kupitia dari, akifanya mazoezi ya kukunja vidole chini ya meza akidhani haonwi. Kimya aliliendea kabati mara kadhaa, akalitikisa kufuli, kufuli likabaki kufuli. Nyumbani Mama alimuuliza anatafuta nini maana anazunguka kama kuku anayetaka kutaga. Akajibu hatafuti kitu. Kichwani alikuwa akiiona Jumamosi: Baba amesimama mbele ya jukwaa zima, ameshika, anavuta, na turubai limenyooka tu, linamtazama. Anavuta tena. Watu wanaanza kukohoa. Na pale, mbele ya kinyozi na Kocha na kila mtu, Baba anajua mkono wake una nini.

Ijumaa asubuhi Baba mdogo alipanda ngazi mbele ya duka la kinyozi kufunga turubai la kivuli, na Kimya akaitwa kuishikilia ngazi. Mbele ya macho yake kulikuwa na viatu tu, vikubwa, vimekanyaga kidato. Ilikuwa rahisi zaidi kuzungumza na viatu.

"Baba mdogo."

"Nipe misumari."

Akampa. "Baba mdogo, naomba kesho usimpe lile turubai."

"Aa, wamekutuma? Wewe nawe ni wa Kuchana?"

"Hapana. Mimi si wa kokote." Alikaza mikono kwenye ngazi. "Akilishika, atajua."

"Atajua nini?"

"Mkono."

Nyundo ilisimama. Kimya aliviambia viatu yote, haraka haraka kabla aibu haijamkaba: nane, bandi, namba zote zilizofuata, kikombe, mkasi. Alipomaliza, viatu havikusogea. Kisha vikashuka, kidato kwa kidato, na Baba mdogo akawa mbele yake, misumari imebaki mdomoni. Aliitoa mmoja mmoja.

"Kwa hiyo mwaka mzima," alisema, "mimi nashika upande ule mwingine, navutwa mpaka nayumba, nawaambia watu kaka yangu amekuwa simba... kumbe ni uzi?"

"Nisamehe, Baba mdogo."

"Mimi nilikuwa nahesabu ndiyo kipimo! Akichana nasema, basi, huyu mzima. Nikaacha kumhurumia." Alishika kichwa. "Wiki nzima namgombeza mgonjwa! Nimemnunulia mgonjwa turubai la lori, mimi!"

"Lakini ndivyo anavyopenda," Kimya alisema, na mwenyewe akashangaa kusikia sauti yake imepanda. "Wengine wote wanamwambia pole. Wewe peke yako unagombana naye. Hujamwona wiki hii? Anaimba."

Baba mdogo alitazama dirisha la jirani. Ndani ya karakana Baba alikuwa akimweleza mteja, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, kwamba kuna watu katika nyumba hii wanaohongwa kwa namba moja kama mtoto kwa pipi.

"Mjinga kabisa," Baba mdogo akanong'ona, na macho yake yalikuwa yamejaa maji. Aliingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo, akautazama kidogo, maana kweli aliitaka ile namba ukutani. Akaupachika kiganjani mwa Kimya. "Nitamtoa nje baada ya chakula. Nitamwambia kuna mtu anasema koti lake limepinda. Ataenda kupigana naye. Wewe fanya haraka. Na sikiliza, asijue kwamba najua. Akijua nitakuwa sina la kumgombeza."

Baada ya chakula Kimya alilikata turubai. Mkasi uligoma kwenye pindo, akaukandamiza kwa mikono yote miwili mpaka kidole gumba kikavimba. Kwa kushona, moja ilikuwa namba nzuri kuliko zote, mstari ulionyooka, mshono unalala ndani yake kama mtu kwenye kitanda chake. Lakini alikuwa na hofu. Turubai ni zito, akafikiri, upepo wa uwanjani unaweza kulifungua kabla ya wakati. Akaibana mishono karibu karibu kuliko desturi. Kisha akapaka rangi juu, tabaka la pili, kuficha uzi. Akawa analipepea kwa kipande cha boksi huku akisikiliza nje, na kila hatua ilipopita mlangoni aliacha kupepea.

Jumamosi jukwaa lilijaa mapema. Watu wa Kuchana walikaa kulia, watu wa Kutunza walikaa kushoto, na katikati palikuwa na turubai limekunjwa, miguuni mwa Kimya, kama mtoto ambaye wazazi wake wameachana. Mchezo wenyewe ulikuwa wa kukwaruza koo. Zambarau, namba moja yao, walicheza kama watu waliovaa viatu vya kuazima. Mpira unapigwa kulia unakwenda kushoto. Mshambuliaji akabaki yeye na kipa, akampa kipa.

"Sifa hizo!" kinyozi alipiga kelele. "Zimewaingia miguuni!"

"Nyamaza wewe, mnyoaji nusu!" Kocha akamjibu. "Ni mikosi yenu ya kutaka kuchana!"

Kimya hakuutazama mpira. Alikuwa akitazama mkono wa Baba. Ulikuwa umelala juu ya goti, na vidole vilikuwa vikifunguka na kufumbika, polepole. Sehemu yake moja ilikuwa ikiomba timu ishindwe, turubai likunjwe, warudi nyumbani kimya. Halafu alijuta, akaomba ishinde. Halafu akaomba mvua.

Mchezo ulikuwa unakwisha. Watu walishaanza kuchukua vitu vyao ndipo kona ikapigwa, ikababaisha watu, mpira ukamgonga beki wa Zambarau mgongoni, naye ametazama kwingine kabisa, ukaingia wavuni. Beki mwenyewe alijua kwa kuona wenzake wanamrukia. Jukwaa likapasuka. Kocha alimkumbatia kinyozi, kisha akakumbuka, akamsukuma. Filimbi ikalia.

"Namba!" wakaanza. "Namba! Namba!"

Turubai lilifunguliwa, moja ya zambarau ikasimama kuelekea kibanda cha watangazaji. Baba alishika upande wa kulia. Baba mdogo alishika upande wa kushoto, uso ameukunja.

"Chana! Chana!"

"Tunza! Tunza!"

Baba alivuta. Hakuna kilichotokea.

Kimya alijua papo hapo. Rangi. Ilikuwa imeingia kwenye uzi ikakauka nao, ikafanya ukuta. Baba alivuta tena, shingo imetoka mishipa, na mkono wa kulia ukaanza kutetemeka kuanzia begani. Upande wa Kuchana ulipunguza sauti. Mtu akakohoa. Kimya alifunika mdomo kwa viganja viwili.

"Hulichani!" Baba mdogo alinguruma ghafla. "Nimekwambia hulichani! Lete hapa! Langu hili!"

Na akavuta. Alivuta kwa mabega yote, kwa mgongo, amekanyaga kiti cha mbele, kama mtu anayetaka kuinyang'anya dunia namba yake moja. Watu wa Kutunza wakamshangilia. Uzi ukalia, mmoja, kisha wa pili, kisha yote kwa pamoja, *krrraaa*, turubai likaachana, na Baba mdogo akaenda chali juu ya mapaja ya Kocha na mikate yake.

Baba alibaki amesimama na nusu yake mkononi. Akaiinua.

Jukwaa liliunguruma mpaka watangazaji wakatoa vichwa nje ya kibanda. Hata wa Kutunza walisimama. "Turubai!" kinyozi alikuwa akilia machozi. "Turubai la lori, jamani! Na huyu mpuuzi amelivuta mwenyewe, ameichana namba yake mwenyewe!"

"Nilikuwa nalinyang'anya," Baba mdogo alisema kutoka chini, anajipangusa makombo. "Si kosa langu kama kaka yangu ana mikono ya kishetani." Walimzomea njia yote hadi getini, naye alikuwa akiwazomea pia, ameweka nusu yake begani.

Walirudi kwa miguu. Baba mdogo alitangulia katikati ya kelele. Baba alitembea nyuma na Kimya, taratibu, mkono wa kulia ameuficha mfukoni. Walipokwenda kitambo, alitoa nusu yake ya turubai kwapani, akapitisha kidole gumba ukingoni mwake. Kulikuwa na vipande vya uzi vimening'inia, vya zambarau.

"Uzi ukinywa rangi unakuwa waya," alisema. "Paka kwanza, ikauke, halafu ndiyo upige bandi. Na uliibana mno. Ulishona kwa hofu."

Kimya alisimama. Baba hakusimama, ikabidi amkimbilie.

"Tangu lini, Baba?"

"Tangu ile nane. Nani alikufundisha kuandika nane? Mwanangu hawezi kuandika nane imelala ubavu bila sababu." Alikunja uzi kidoleni. "Nilipoishika tu, nikasikia. Vidole hivi vimepiga bandi kabla hujazaliwa."

"Sasa kwa nini ukaendelea?"

Baba alimtazama mdogo wake kule mbele, jinsi alivyokuwa akimtisha kinyozi kwa kisigino cha kiatu.

"Nilipokuwa kitandani huyu alikuja kila siku, anaongea nami kwa upole. Huyu! Ananiuliza kama mto uko sawa. Nikasema, basi, nimekufa, wameogopa kuniambia. Jioni ya ile nane akaniita mkaidi kama msumari uliopinda. Nikalala usingizi mzuri." Alishusha sauti. "Usimwambie. Akijua ni uzi ataanza tena habari za mto."

Kimya alifungua mdomo. Alikuwa na maneno mengi kuliko siku yoyote ya maisha yake, na yote yalikuwa ya watu wengine, kila mmoja amemwomba ayaweke. Akafunga mdomo.

"Sawa, Baba."

Jumatatu kinyozi hakungoja mteja. Alifunga duka kabisa, akaja mapema na kiti chake. Kocha alileta mikate iliyolaliwa na Baba mdogo uwanjani, akaigawa bure kwa wa Kutunza na kwa bei kwa wengine. Ukutani, juu ya cherehani la Baba mdogo, nusu ya namba moja ilikuwa imetundikwa kwa misumari, naye alikuwa akiitazama akinywa chai.

Mtangazaji aliwazungusha kwanza kwa matangazo. Kisha akasema kwamba ushindi wa mgongo wa beki si ushindi wa kumpa mtu usingizi, na kwamba wiki hii Zambarau ni namba nne. Akarudia. Namba nne.

"Nne!" Kinyozi alirusha kofia. "Tumeshinda tukashushwa!"

"Mmeona!" Baba mdogo alipiga meza, chai ikamwagika. "Tumechana sifa, wamezichukua! Kaka, wewe ni mkaidi, mkaidi kama... kama..."

"Kama nini? Maliza. Hata matusi humalizi."

"Kama kufuli lililoliwa kutu!"

"Afadhali kufuli. Wewe ni mlango, kila upepo unakufungua."

Baba alikuwa akicheka, bega la kulia limeshuka kidogo kuliko la kushoto. Kimya alivuta jora la kitambaa chepesi, akapima, akakata. Akakikunja mara mbili kutafuta katikati, akapitisha kucha kwenye mkunjo. Nne ilikuwa na mguu mmoja ulionyooka, lakini haukukaa katikati. Ingebidi aisogeze. Alichovya brashi, akaanza na rangi kwanza.